Suruali ya Ofisi Wakati wa Mashika

Lubumbashi iko juu, kama mita 1,200. Alfajiri za Juni na Julai mara nyingi hushuka chini ya nyuzi 10, lakini mchana jua linachoma. Kwa hiyo anayekwenda staji kwa miguu asidanganywe na unene wa kitambaa. Jinzi ni nzito, ila pamba ikipata unyevu haikauki upesi. Heri sufu nyepesi iliyofumwa kwa kubana: iinue kwenye mwanga, ukiona nyuzi zimeachana, upepo utapita. (Kamusini ni "suruali", ya Kiarabu, mtaani "patalo", ya Kifaransa. Baridi yenyewe tumeiachia Kiluba.) Acha nafasi mapajani ya kuvaa nguo ya ndani ndefu, utakayoivua ofisini. Yangu niliipata kwenye mitumba, ya kijivu. Fundi akaitia bitana hadi magotini tu.