Ndani ya Kabati la Gemu (4): Madoa ya Rangi na Koili ya Digausi

Wiki iliyopita tuliishia kwenye transfoma inayotenga umeme wa ukutani na mitambo ya kioo. Leo tunaingia kwenye kioo chenyewe, kwa sababu ya ugonjwa unaowatoa mafundi jasho la bure. Mashine imehamishwa kutoka kona moja ya ukumbi hadi nyingine, imewashwa, na pembe moja ya picha imekuwa ya kijani huku nyingine ikiwa na doa la zambarau. Fundi anakimbilia kuchezea pete za sumaku shingoni mwa kioo. Namwomba asiziguse kwanza.

Kioo cha kabati la gemu ni ndugu wa damu wa TV ya chogo. Nyuma ya uso wake kuna bamba jembamba la chuma lenye matundu madogo mno, maelfu kwa maelfu. Miale mitatu ya elektroni hupenya humo, kila mmoja ukiangukia tone la rangi yake. Bamba likishika usumaku, hata ule hafifu wa dunia, miale hupinda kidogo sana. Lakini kidogo hicho chatosha mwale wa nyekundu kuangukia kijani. Ndiyo maana kuhamisha kabati, au kulazimika kulaza kioo kwa ubavu kama kilivyo katika Pac-Man ya mwaka 1980, kunaweza kuamsha madoa. Spika isiyokingwa iliyo karibu na kioo nayo huyaleta, na hiyo hakuna koili ya digausi itakayoishinda mpaka iondolewe.

Dawa ya madoa ni kudigausi, yaani kuondoa usumaku. Neno digausi limetokana na jina la Mjerumani Carl Friedrich Gauss (1777–1855), ila lilizaliwa vitani. Novemba 1939 Waingereza walipata bomu la sumaku la Wajerumani kwenye matope ya Shoeburyness, karibu na mlango wa mto Thames. Walipolifungua wakajua kwamba hulipuliwa na usumaku wa meli inayopita juu yake, wakaanza kuzungushia meli nyaya za umeme. Charles Goodeve, mkemia mzaliwa wa Kanada aliyetumikia jeshi la majini, ndiye aliyeipa kazi hiyo jina.

Katika kioo, kazi ni kufuta. Koili kubwa imezungushwa mgongoni mwa kioo, na inapewa mkondo geu ulio mkali mwanzoni, kisha unaofifia. Fikiria bembea iliyosukumwa kwa nguvu kisha ikaachwa: huenda mbele na nyuma, kila safari fupi kuliko iliyotangulia, hadi inatulia katikati. Usumaku wa bamba hutulizwa vivyo hivyo. Mkondo ukikatwa ghafla, bembea imekamatwa ikiwa pembeni, na bamba linabaki na usumaku mpya.

Anayeufifisha mkondo huo ni posista, kidonge cha kauri chenye ukinzani wa omu chache kikiwa baridi, na wa maelfu kikipata moto. Hufungwa mfululizo na koili, baada ya fyuzi na kabla ya daraja la diodi. Ule mvumo wa “vuuum” unaousikia unapowasha, na picha kutetemeka, ndiyo kazi yake. Posista ya miguu mitatu ina vidonge viwili: kimoja hupitisha mkondo wa koili, kingine kimeunganishwa moja kwa moja na umeme ili kumweka mwenzake moto, mkondo wa koili usibaki.

Sasa upimaji. Chomoa waya ukutani, ondoa chaji kwenye kapasita kubwa na kwenye kioo, maana kwenye kioo panaweza kuwa na zaidi ya volti 20,000. Kama fyuzi inakatika papo hapo, chomoa plagi ya koili na posista kwa zamu. Fyuzi ikisimama posista ikiwa nje, umempata mwizi. Kama madoa yapo na mvumo haupo, pima koili: makumi ya omu ni afya, mita isiyosoma kitu ina maana waya umekatika. Kisha tikisa posista karibu na sikio. Nimewahi kusikia kidonge kikicheza ndani ya ganda lake kama kokoto kwenye kopo. Kilikuwa kimepasuka vipande viwili. Tazama pia risasi ya miguuni mwake, kwani joto la kila siku huitia nyufa za mviringo. Na rangi zikiwa zinayumba bila kukoma, mkondo unabaki kwenye koili: kidonge cha kupasha moto kimekufa.

Posista mpya iwe ya volti za mahali pake. Ya Marekani ya volti 120 haiwezi kukaa kwenye 230.

Ukishabadilisha, usiwashe na kuzima mfululizo. Posista iliyo moto haidigausi kitu. Acha ipoe nusu saa. Madoa makaidi yanataka koili ya mkononi: iwashe mbali, zungusha taratibu mbele ya kioo, rudi nyuma hatua kwa hatua hadi kama mita mbili, igeuze kwa ubavu, ndipo uizime.