Mtoto na Tuta Lake

Ziba, wilayani Igunga, mkoani Tabora, mvua ni za msimu mmoja tu: huanza Novemba, hukatika Aprili au Mei. Kalenda ya shule haifuati mvua hizo. Desemba, magugu yanaposhika kasi, wanafunzi wako likizo. Ndiyo maana bustani ya watoto katika ukanda huu hufaa zaidi kiangazi, karibu na kisima au lambo, kwa kumwagilia.

Zao la kuanzia liwe mchicha. Huvunwa baada ya wiki tatu au nne, muda ambao hata mtoto wa darasa la pili anaweza kuungoja. Kila kikundi kipewe matuta mawili: moja lenye samadi, jingine halina, mbegu zilezile, maji yaleyale. Kila Ijumaa wapime urefu wa mimea kwa rula na kuandika daftarini. Tuta jingine, nje ya hayo mawili, lifunikwe kwa nyasi kavu, nao watagundua wenyewe kuwa udongo wake unabaki na unyevu. Aliyebeba ndoo kichwani halisahau somo hilo.

Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere, aliyesoma na kufundisha Tabora, alitaka shule yenyewe iwe shamba, wanafunzi washiriki kupanga kazi, na wakulima hodari wa jirani wawe walimu. Shule nyingi zilishika jembe, zikaacha hayo mengine. Mtoto akapelekwa shambani kwa sababu amechelewa namba, na kilimo kikawa adhabu. Hilo linaniuma, kwa sababu ujuzi uko palepale kijijini. Mkulima wa Kinyamwezi au Kisukuma hufukia nyasi ndani ya tuta la viazi zioze na kurutubisha udongo. Bibi anajua viazi vikatwe vibichi na kuanikwa viwe michembe, au vichemshwe kwanza viwe matobolwa, chakula cha kuvukia miezi ya njaa. Hata mpunga una hadithi yake: uliletwa Unyanyembe, eneo la Tabora, na wafanyabiashara wa pwani karne ya 19, enzi za misafara ya kwenda Ujiji. Mwalimu wa historia angeanzia hapo, miguu ikiwa matopeni.

Mipaka iwepo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa ajira, tena kwa kazi nyepesi. Bustani ya kujifunza isigeuke kibarua: saa moja yatosha, jua likiwa bado halijawa kali. Na tumbaku, zao kubwa la mkoa huu, isikanyage humo kabisa. Nikotini ya majani mabichi hupenya ngozini, hasa yakiwa na umande, ikaleta kizunguzungu na kutapika.

Mboga ziingie kwanza katika sufuria ya shule. Ziada ikiuzwa, bei na matumizi visomwe mbele ya watoto wote, nao ndio waamue mbegu gani inunuliwe kwa fedha hiyo.