Windows Mpya, Programu ya Zamani: Ulipie Nini?

Oktoba ni mwezi wa bonasi ya KTDA, shirika la chai la Kenya, na kwa mwenye agroveti pale Ndanai ni mwezi wa kukusanya madeni ya wakulima wa chai. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 bure. Kama madeni yako yamo kwenye programu ya enzi za DOS, iliyoandikwa kwa Clipper au FoxPro, usimruhusu fundi aweke Windows 11 kabla hujapiga hesabu. Windows ya biti 32 ilizikubali programu hizo. Ya biti 64 huzikataa, na Windows 11 ni ya biti 64 pekee.

Unaweza kubaki na Windows 10 na kulipia masasisho ya usalama. Bei ya dola 30 ni ya mtumiaji wa nyumbani. Biashara hulipa dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, 122 wa pili na 244 wa tatu. Dola ikiwa shilingi 129, hizo ni kama shilingi 55,000, na baada ya miaka mitatu shida yako iko palepale. Kwangu, mwaka mmoja unatosha, tena kwa anayehitaji muda tu.

DOSBox-X ni ya bure na huiendesha programu ya DOS ndani ya Windows 11. DOSBox ya kawaida iliundwa kwa michezo, haina uchapishaji. Hii ya X inao. Lakini kompyuta mbili zikiandika kwenye faili moja kwa wakati mmoja, usiitegemee.

Njia ya kudumu ni kuijenga programu upya. Harbour, kompaila ya bure, hupokea msimbo wa Clipper na kutoa programu ya kisasa, ukabaki kumlipa fundi. Msimbo huo uko wapi, basi? Wengi walikabidhiwa faili la EXE tu. Hata wakubwa yaliwafika: IBM ilipotoa V6R1 mwaka 2008 kwa kompyuta zake za biashara za ukoo wa AS/400, kila programu ilibidi igeuzwe, na zile zilizofutwa taarifa zake za ujenzi hazikugeuzika bila msimbo asilia. IBM ilitoa chombo cha kuzikagua mapema. Wewe huna, itabidi ujikagulie.

Atakayekuuzia mfumo wa kulipia kila mwezi atakutisha kwa eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi. Kama hujasajiliwa kwa VAT, ankara hizo unaweza kuzitoa kwa simu kupitia *222#, kwa hiyo eTIMS peke yake si sababu ya kununua. Muulize kama atahamisha faili zako za data za DBF, ambazo hata LibreOffice huzifungua bure.

Mimi ningenakili folda nzima kwenye flashi mbili leo, nijaribu DOSBox-X kwenye kompyuta nyingine, kisha fedha nizitumie kuhamisha data baada ya msimu wa bonasi. Fundi akitaka malipo yote kabla hajachapisha taarifa ya deni la mteja mmoja mbele yako, tafuta mwingine.