Doria ya Macho na Masikio: Kutazama Ndege Katika Msitu wa Semuliki

Magharibi mwa Uganda, nyuma ya Milima ya Rwenzori, uko msitu ambao askari wengi waliufahamu kwa doria na mapigano kabla ya kuufahamu kwa uzuri wake. Huo ni Msitu wa Semuliki, wilayani Bundibugyo. Eneo lake ni kilomita za mraba 220, nao ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1993. Hivi karibuni tulipata fursa ya kuupita kwa miguu pamoja na mwongozaji wa ndege. Tunaona ni wajibu wetu kuwasimulia wenzetu wa jeshi na polisi yale tuliyoyaona, kwa kuwa mengi yanatuhusu sisi tuvaao sare.

Kutoka Fort Portal barabara huzunguka ncha ya kaskazini ya Rwenzori, kisha huteremka katika mlango wa Buranga hadi bonde lenye joto na unyevu. Huko chini Uganda hugusana na bonde la Kongo, kwani msitu huu ni ukingo wa mashariki wa msitu mkubwa wa Ituri. Ndiyo sababu ndege waliorekodiwa humo wanapita aina 400, na makumi kati yao ni ndege wa Kongo ambao ni vigumu kuwaona mahali pengine popote nchini Uganda.

Tuliianza njia ya Kirumia alfajiri, kabla jua halijapata nguvu. Njia hiyo ina urefu wa yapata kilomita 15, nayo huishia kwenye Mto Semliki, ambao ndio mpaka wetu na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwongozaji wetu, mzaliwa wa kijiji cha jirani, alitupanga katika mstari mmoja na kutupa maagizo machache: nguo za rangi kali zisivaliwe, sauti zishushwe, mtu asinyooshe mkono ghafula, na akisimama yeye wote tusimame. Hapakuwa na neno geni kwetu. Kuruta yeyote hufunzwa hayo katika majuma yake ya kwanza.

Hata namna ya kuonyesha ndege ilikuwa ile ile tunayoitumia kuonyesha shabaha. Mti mkubwa huchukuliwa kuwa uso wa saa, na ndege hutajwa kwa tarakimu. Hapo mwenzetu mmoja aliuliza, "Saa ya Kiswahili au ya Kizungu?" Mwongozaji akatabasamu, akajibu, "Afande, soma namba iliyoandikwa, usihesabu saa." Tangu hapo darubini zote zilielekea mahali pamoja.

Katika msitu mnene jicho hutanguliwa na sikio. Mara tulisikia mvumo juu ya vilele vya mihimbi, mfano wa lori linalopanda mlima. Alikuwa hondohondo mweusi mkubwa, ambaye mbawa zake hutoa kishindo kila apigapo hewa. Mwongozaji alitueleza maisha yake. Wakati wa kutaga, jike huingia katika tundu la mti na mlango huzibwa, ukabaki ufa mwembamba tu. Dume hulisha kupitia ufa huo siku nyingi, mvua inyeshe ama jua liwake. Akiuawa dume huyo, waliomo ndani nao wamo hatarini. Risasi moja yaweza kuangamiza nyumba nzima. Aidha, hondohondo hula matunda na kuziacha mbegu mbali na mti mama. Kwa hiyo amuuaye amepunguza na miti ya kesho.

Mbele kidogo tulikuta safu ya siafu ikivuka njia. Tulidhani tutaruka na kuendelea, lakini tuliamriwa kusimama. Siafu wanapoandamana, wadudu wote hukurupuka kutoka majanini, na ndege hukusanyika pembeni kuwadaka hao wanaokimbia. Kwa muda wa nusu saa tuliona ndege wadogo wa rangi ya majani makavu wakishuka na kupanda, ambao tungewatafuta siku nzima tusiwapate. Ama kwa hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Juu yao mramba alikaa peke yake kwenye tawi wazi kama mlinzi wa zamu. Alidaka wadudu waliorushwa na wenzake, naye ndiye aliyepiga kelele ya kwanza tai alipopita.

Kabla ya kufika mtoni tuliwaona pia kulukulu wakubwa wa buluu wakirukaruka matawini, na kundi la kasuku wa kijivu likipita juu kwa miluzi. Tungependa kukaa kidogo juu ya kasuku huyu. Kwa sababu huigiza maneno ya binadamu, amenaswa na kuuzwa kwa wingi barani Afrika. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa mwituni imepigwa marufuku. Nayo Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 inaruhusu adhabu ya hadi kifungo cha maisha kwa makosa makubwa juu ya viumbe walio hatarini kutoweka. Askari polisi asimamaye kwenye kizuizi cha barabara na kufunua kikapu kinachotoa mluzi ameulinda msitu sawasawa na yule aliye ndani ya msitu wenyewe.

Tulipokaa ukingoni mwa mto, mazungumzo yaligeukia miaka iliyopita. Tarehe 16 Juni 1997 waasi wa ADF waliushambulia mji wa Bundibugyo, na maelfu ya wananchi wakaacha mashamba yao ya kakao na kahawa, wakaishi kambini. Mwezi Juni 1998 wanafunzi wapatao 80 waliteketezwa katika chuo cha ufundi cha Kichwamba, kando ya barabara hiyo hiyo tuliyopita. Katika siku hizo hakuna aliyeingia msituni kutazama ndege. Na Oktoba 2023 watalii wawili na mwongozaji wao, raia wa Uganda, waliuawa na waasi hao katika Hifadhi ya Queen Elizabeth. Mgeni hafuati ndege mahali asipokuwa na hakika ya kurudi salama.

Hapana budi tuseme na upande wa pili. Katika vurugu za miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, wanyama wengi wa Uganda waliuawa na watu wenye silaha, na baadhi yao walikuwa wamevaa sare. Kufikia mwaka 1983 hakubaki kifaru hata mmoja mwituni nchini. Bunduki iliyopewa kazi ya kulinda iligeuka ya kuwinda, na hasara ikawa ya taifa zima.

Leo sheria inaagiza asilimia 20 ya ada za kuingia hifadhini ziende kwa wananchi wanaopakana nazo. Mgeni anapolipa ili amwone hondohondo, sehemu ya fedha hiyo yaweza kuwa dawati la mtoto shuleni. Mwongozaji wetu ametunza jamaa yake kwa kazi hiyo. Alipokuwa kijana alikimbilia kambini pamoja na wazazi wake. Sasa huwaongoza wageni katika njia zile zile.

Ndugu askari, si lazima kila mmoja wetu ajue majina ya ndege 400. Yatosha unapokuwa doriani usitege mtego, usinunue nyama ya mwitu, na umwonapo kasuku kizimbani utoe taarifa kwa mkubwa wako au kwa maofisa wa Wanyamapori. Na ukiwa kituo chako ki karibu na msitu, amka mapema siku moja ya mapumziko, ufuatane na mwongozaji kimya kimya. Utarudi lindoni ukiwa na macho makali zaidi.