Wati, kilo na nauli: biashara ya amplifaya ndogo kutoka Munkunyu hadi Bwera

Amplifaya ya Fender Twin Reverb, ile inayotengenezwa leo kwa sura ya mwaka 1965, ina kilo 29 hivi. Roland JC-120, iliyotoka mwaka 1975 na kusifiwa hadi leo kwa sauti isiyo na mkwaruzo, ina kilo 28. Zote mbili ni vyombo vya kuheshimika. Zote mbili pia ni abiria. Ukishuka na mojawapo pale Kinyamaseke, kwenye barabara itokayo Kasese, magharibi mwa Uganda, kwenda Mpondwe mpakani, na shughuli yenyewe iko juu kuelekea Kisinga au Kyondo, itabidi ukodi bodaboda mbili: moja yako na gitaa lako, nyingine ya amplifaya.

Hesabu yake haihitaji kalamu. Tuseme mpiga gitaa ana shughuli 4 kwa mwezi, na pikipiki ya ziada inamtoa shilingi 5,000 kwenda na 5,000 kurudi. Kwa mwaka ni safari 96, sawa na shilingi 480,000. Usiku nauli hupanda. Mvua ikinyesha hupanda tena, na mwenye pikipiki akiuona mzigo tu hapohapo anaongeza yake. Fedha hizo hazimo kwenye daftari la mtu kwa sababu zinatoka kidogo kidogo, lakini mimi naona ndizo zinazopaswa kuamua chombo gani kinunuliwe, kabla hata ya kuuliza kina wati ngapi.

Soko la Munkunyu na majirani zake ni soko la shughuli ndogo: harusi, matanga, mikutano ya injili, sherehe za shule, kampeni za siasa msimu wake ukifika, na baa za Bwera na Mpondwe zinazokula jasho la wasafiri wa mpakani. Fedha ya kukodi bendi hufuata mazao. Milimani ni kahawa, ambayo vyama kama Bukonzo Joint cha Kyarumba vimeitafutia wanunuzi wa nje; bondeni ni pamba, zao ambalo chama kikuu cha Nyakatonzi kilijengwa juu yake. Kahawa ikilipwa vizuri, harusi inapata bendi yenye magitaa matatu. Isipolipwa, harusi ni ya spika mbili, flashi na kijana mmoja wa kubonyeza.

Mnunuzi wa uhakika kuliko wote ni kanisa. Waumini wanachanga, chombo kinanunuliwa mara moja, kinawekwa karibu na madhabahu na hakisogei tena hadi sikukuu. Uzito haumsumbui mnunuzi wa namna hiyo, na muuza duka hujaza rafu zake kwa kumfuata yeye. Matokeo yake, mwanamuziki wa kutembea anaingia dukani akitafuta kitu cha kubeba kwa mkono mmoja na kukutana na masanduku yanayotaka wanaume wawili.

Mpiga gitaa wa huku anahitaji nini hasa? Asili ya muziki wake ni ng'ambo ya mpaka, Kongo. Mbelgiji Bill Alexandre ndiye aliyepeleka gitaa la umeme Léopoldville mwaka 1953, akifanya kazi na studio ya CEFA. Kabla yake Zacharie Elenga, maarufu kwa jina la Jhimmy, alikwisha kuwatia watu wazimu kwa upigaji wake wa mtindo wa Hawaii. Gitaa la Hawaii, linalolazwa na kuchezwa kwa kuteleza kipande cha chuma juu ya nyuzi, ndilo lililozaa gitaa la stili lenye pedali, lile linalolia kwenye nyimbo za kantri za Marekani ambazo redio za Uganda hazijachoka kuzipiga. Wanaijeria walilileta karibu zaidi: Demola Adepoju alilipiga katika bendi ya King Sunny Adé, na linasikika kwenye albamu ya Juju Music ya mwaka 1982.

Sitarajii kulikuta gitaa la stili kwenye harusi ya Munkunyu. Ila wapigaji wake ndio waliolifikiria suala la amplifaya nyepesi kuliko wote, kwa sababu chombo chenyewe, na miguu yake na pedali zake, ni mzigo tosha. Na shida yao ya sauti ni shida ya mpiga solo wetu. Mpiga stili hukanyaga pedali ya sauti nusu, anagusa uzi, kisha noti inapoanza kufifia anaifungulia taratibu ili iendelee kulia. Amplifaya isipokuwa na akiba ya nguvu, sauti inapasuka pale pale anapotaka iwe tamu. Kwenye seben, ile sehemu ya wimbo magitaa yanapotawala, mambo ni hayohayo kwa njia nyingine: gitaa la solo na mi-solo yanapanda juu kabisa ya shingo, noti zinafuatana kwa kasi, na kila moja lazima isikike imetengana na mwenzake. Amplifaya ya roki ya wati 15, inayopendwa kwa sababu inakwaruza, hapa ni hasara. Kinachotakiwa ni nguvu safi nyingi zenye kilo chache.

Zamani sentensi hiyo isingewezekana. Peavey Nashville 400, iliyokuwa chombo cha kazi cha wapiga stili wengi wa Marekani, ina spika ya inchi 15 na transfoma ya chuma na shaba, na hakuna aliyewahi kuiita nyepesi. Uzito wa amplifaya ya kizamani uko sehemu tatu: transfoma, sumaku ya spika na mbao za kasha. Sehemu ya kwanza imekatwa na mchanganyiko wa pawa saplai ya swichi na mfumo wa klasi D, ambao hupoteza umeme kidogo sana kama joto, ilhali klasi AB ya zamani haivuki asilimia 78.5 hata kwenye hesabu za karatasi. Mwaka 2019 Fender walitoa Twin Reverb ya Tone Master isiyo na taa za valvu: kilo 15 badala ya 29. Patrick Quilter, mwanzilishi wa QSC, alifungua kampuni yake nyingine mwaka 2011 na kutengeneza vichwa vya wati 100 na zaidi vyenye kilo chache tu. Wapiga stili wakavikimbilia. Sumaku nazo zimepungua kwa neodimiamu: spika ya inchi 12 iliyokuwa na karibu kilo 4 inaweza kuwa na kilo 2. Bei yake lakini inategemea China, kama ilivyoonekana mwaka 2010 na 2011 mauzo ya madini hayo yalipobanwa na bei kuruka.

Bei za huko nje zisikudanganye. Hadi chombo kifike Kasese kimelipiwa meli, forodha, VAT ya asilimia 18 na lori, na kila aliyekigusa njiani amekata chake.

Faida ya pili ya klasi D, ambayo wauzaji hawaisemi vya kutosha, ni umeme. Kwenye makaratasi Uganda ina voliti 240. Mwisho wa laini, saa 2 usiku, kila nyumba ikiwa imewasha chake, voliti hushuka, na amplifaya ya transfoma inapungua nguvu na kuanza kunguruma. Pawa saplai ya swichi inayokubali voliti 100 hadi 240 haijali sana. Na panapokosekana laini kabisa, hesabu ni ya betri. Chukua betri ya risasi ya voliti 12 na Ah 70: ndani yake mna wati-saa 840, na kwa kuwa haifai kuishusha chini ya nusu, za kutumia ni 420. Muziki wa kawaida hutumia kama sehemu moja ya nane ya nguvu kamili, kwa hiyo amplifaya ya wati 100 ya klasi D itavuta wati 25 hivi na kukesha nawe ikabakiza. Ya klasi AB, kwa sauti ileile, itavuta wati 50 au 60, na inveta nayo ikichukua ushuru wake, saa 6 au 7 zimekwisha. Roland Cube Street EX ya wati 50 na kilo 7.4 inakwenda hata kwa betri 8 ndogo za AA. Kwa mpiga gitaa mmoja na mwimbaji mmoja matangani, sijui kwa nini mtu abebe zaidi ya hapo. (Endara ya Wakonzo, ile marimba yao kubwa, inasikika ng'ambo ya bonde bila wati hata moja, lakini hilo ni soko jingine.)

Wati zilizoandikwa kwenye boksi ni hadithi. Kuna sabufa zenye herufi PMPO na tarakimu za maelfu ambazo nyuma yake, karibu na waya wa umeme, kimebandikwa kibati kinachosema chombo kinakula wati 60. Kinachokula 60 ukutani hakiwezi kutoa 1,000 kwenye spika. Kama kibati hakipo, tazama fyuzi: fyuzi ya ampea 1 kwa voliti 240 ni wati 240, basi, na humo ndimo joto na sauti vinagawana. Halafu ulizia spika, maana wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, na sikio halikubali kwamba sauti imekuwa maradufu mpaka ziongezeke kama 10, yaani wati mara kumi. Spika ya desibeli 100 kwa wati 1 ikiwa na amplifaya ya wati 50 inalingana na spika ya desibeli 94 yenye wati 200. Mwenye kujua hilo ananunua spika nzuri na kuacha wati zibaki dukani.

Mpaka hapo nyepesi imeshinda kila mahali. Tatizo linaanza siku ikifa.

Amplifaya nzito ikiungua, fundi wa Bwera anaijua kama kiganja chake. Kabla ya kuichomeka ukutani anaunganisha balbu ya wati 100 ya uzi katikati ya waya wa umeme. Anawasha. Balbu ikimulika kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani kuna shoti. Ikimulika kidogo kisha ikafifia, kuna matumaini. Anafungua, anapima transista za kutolea sauti kwa mita, moja moja, na mara nyingi zilizokufa ni jozi ya 2SC5200 na 2SA1943, za asili zikiwa za Toshiba, za bandia zikiwa za kila mtu. Anang'oa, anapaka mafuta meupe ya kupooza joto, anafunga mpya. Transfoma ikiungua, kuna wanaoisuka upya kwa mkono. Kazi ya siku moja au mbili, na Jumamosi chombo kiko harusini.

Ya klasi D akiifungua anakuta bodi moja yenye vipande vidogo kuliko punje ya ulezi, baadhi vimefutwa namba. Bodi kama hiyo hubadilishwa nzima, na nzima yake haipo Bwera, pengine haipo Kampala. Hapo kilo 14 ulizookoa zinakaa kabatini miezi mitatu zikisubiri kifurushi. Mfanyabiashara yeyote wa kukodisha vyombo anajua kwamba chombo kisichotengenezeka karibu kina bei mbili, ya kununua na ya kukaa bila kazi.

Kwa maoni yangu dawa ni kutonunua sanduku moja lenye kila kitu. Nunua kichwa chepesi peke yake na kasha la spika peke yake. Kichwa kikifa, unaazima kingine cha aina yoyote kinachokubali omu za spika yako, na shughuli inaendelea. Kasha linaweza kuchongwa hapahapa kwa plaiwudi na spika moja nzuri ya inchi 12. Kwa mwenye mfuko mdogo kabisa, mafundi wanaotumia bodi za Kichina zenye chipu ya TPA3116 ya Texas Instruments, wakiziwasha kwa chaja ya laptopu ya voliti 19, wanapata wati 40 hivi kwenye spika ya omu 4. Haina toni yoyote ya kurekebisha, kwa hiyo pedali moja lazima itangulie, lakini bodi hiyo ni ya bei ya chini kiasi kwamba ya akiba inakaa mfukoni.

Njia nyepesi kuliko zote ni kutokuwa na amplifaya, na bendi nyingi ndogo zimeiangukia kwa umaskini: gitaa linachomekwa moja kwa moja kwenye mikisa ya mwenye vyombo, kisha watu wanashangaa kwa nini solo inasikika kama iko chini ya blanketi. Pikapu ya gitaa inataka mlango wa omu karibu milioni 1; mlango wa laini wa mikisa una elfu 10 au 20, na unameza sauti zote za juu, zilezile ambazo seben inaziishi. Kiboksi cha DI chenye betri yake, kisichofika kilo 1, kinaondoa tatizo hilo. Kinachobaki ni kumtegemea mwenye mikisa, na mwenye mikisa mara nyingi ni shemeji wa bwana harusi.

Kuhusu mitumba, vyombo vya Japani vinavyosifiwa kwa ubora vimetengenezwa kwa voliti 100, vya Marekani kwa 120. Bila swichi ya kubadilisha nyuma, vinadai transfoma ya kushusha umeme, na amplifaya ya kilo 10 yenye transfoma ya kilo 5 imerudi kuwa nzito. Mpondwe bei huzungumzwa kwa shilingi na kwa dola, kwa sababu wateja wa Kasindi na Beni, upande wa Kongo, nao wako kaunta hiyohiyo, na dola ikipanda asubuhi, boksi la jana lina bei mpya mchana. Nenda na gitaa lako mwenyewe, omba chombo kiwashwe kwa jenereta badala ya umeme wa laini, fungua sauti mpaka robo tatu na upige noti za juu kabisa kwa dakika 20 nzima huku umeweka mkono juu ya bati la nyuma. Muuzaji akikataa, duka la pili halipo mbali.