Umri wa Mimba Hujulikana Mapema
Mjamzito wa Kasulu au Kibondo anapoulizwa kliniki tarehe ya hedhi yake ya mwisho, huo si udaku: siku 280 za mimba huhesabiwa kuanzia hapo, takribani wiki mbili kabla haijatungwa. Wapo watakaosema tarehe husahaulika, na anayenyonyesha huweza kushika mimba hedhi haijarudi. Kweli, lakini hiyo ndiyo sababu ya kuwahi kliniki. Ultrasaundi kabla ya wiki ya 14 hukosea siku chache tu. Baadaye watoto hutofautiana ukubwa, na kosa huzidi. Pasipo mashine, mkunga hupapasa: wiki ya 12 mji wa mimba huanza kugusika juu ya kinena, wiki ya 20 hufika kitovuni. Anayekumbuka tu kwamba hedhi ilikuwa wiki ya kupanda maharage naye ana ushahidi (wauguzi wengine huupuuza, isivyo haki). Mama, nenda kabla ya wiki ya 12.