Kama Ada Ilifutwa, Debe la Mahindi ni la Nini?

Makundi ya WhatsApp ya Watanzania walioko ughaibuni hayakosi ombi hili: shule ya msingi ya kijijini inachangisha. Leo madawati, kesho mabati, keshokutwa mahindi ya uji. Na hakosi mtu, awe Minneapolis au Muscat, wa kuuliza: si Serikali ilitangaza elimu bila malipo? Swali ni la haki. Ila anayetafuta jibu wizarani tu atapata nusu yake, maana nusu ya pili iko kwenye mkutano wa kijiji.

Tuchukue Tindiga, kata ya Wilaya ya Kilosa iliyo katika Jimbo la Mikumi, mkoani Morogoro. (Atokaye Mikumi kwenda Kilosa hupita kijiji kiitwacho Ulaya, kwa hiyo wenyeji wengi wamefika Ulaya bila viza.) Tindiga ni nchi ya mpunga, mahindi na mifugo, ambako jembe na fimbo ya mchungaji hukutana kila siku, mara nyingine kwa ugomvi. Mito ishukayo milimani huleta rutuba, ikizidi huleta maafa: mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliwatoa maelfu ya watu wa Kilosa majumbani na kuikata reli ya kati.

Nusu ya wizarani ni hii: Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima. Waraka Na. 3 wa mwaka 2016 ukafafanua nani abebe nini, na hapo ndipo wengi hawakusoma hadi mwisho. Mzazi aliachiwa sare, madaftari, kalamu, matibabu, na chakula cha mwanafunzi wa kutwa. Ruzuku ya Serikali kwa shule ya msingi ilihesabiwa Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. 4,000 zikatengwa kwa ajili ya vitabu, 6,000 zikapelekwa shuleni. Gawa hizo 6,000 kwa miezi 12, unapata Sh 500 kwa mtoto kwa mwezi. Chaki, ukarabati na karatasi za mitihani, vyote vinasubiri humo.

Mgawanyo huo wa majukumu kati ya Serikali na kijiji ni wa zamani. Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, mwaka 1967, ilitaka shule iwe sehemu ya kijiji na iwe na shamba lake. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977, na vijiji vikafyatua tofali kwa kuwa hazina haikuwa na uwezo wa kujenga kwa kasi hiyo. Ada ya shule za msingi ilipofutwa, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza mwaka 2002, wanafunzi wa shule za msingi nchini waliongezeka kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7 mwaka 2005. Tofali zikafyatuliwa upya. Hata leo wananchi huchimba msingi, hubeba mchanga na mawe, huinua boma hadi lenta, kisha huisubiri halmashauri ipaue. Fedha zikichelewa, majani huota ndani ya boma, na mwenyekiti wa kijiji akiitisha tena nguvu kazi, hupata watu wachache.

Lakini jengo ni jambo jepesi, hujengwa likaisha. Chakula kinataka makubaliano mapya kila msimu. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe wake, ndio unaoweza kuamua kila mzazi atoe kiasi gani cha mahindi na maharage, nani alipwe kupika, kuni zitoke wapi. Kamati ya shule husimamia. Ugumu uko kwa asiyetoa. Mtoto wake hawezi kufukuzwa darasani kwa sababu ya mchango, lakini je, anyimwe uji huku wenzake wakinywa? Vipo vijiji vinavyomruhusu mzazi asiye na nafaka alipe kwa kuchota maji au kukata kuni. Ni suluhisho la busara kuliko kumwaibisha mtoto kwenye foleni ya uji.

Kisha kuna kalenda ya shamba. Mpunga ukikaribia kukomaa, kwelea kwelea hushuka kwa makundi, na anayetumwa kuamia ndege mara nyingi ni mtoto. Kwa wafugaji, kiangazi kikikaza, ng'ombe huhama na mchungaji mdogo hufuatana nao. Mwalimu huandika "mtoro" kwenye daftari la mahudhurio, nyumbani wanasema yuko kazini. Hapo mwenyekiti wa kitongoji, anayezijua kaya zake, husaidia kuliko barua ya onyo.

Kuhusu kujifunza kwenyewe, tathmini za mpango uitwao Uwezo ziliwapima watoto majumbani, mbele ya wazazi wao, na mwaka 2011 zilionyesha kuwa karibu 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya darasa la pili. Morogoro ikaingizwa katika mradi wa Tusome Pamoja ulioanza mwaka 2016 kwa fedha za Marekani, ukafuatiwa na Jifunze Uelewe. Pamoja na mafunzo ya walimu, miradi hiyo ilihimiza umoja wa wazazi na walimu. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kumwambia mtoto amsomee kwa sauti jioni, hilo halihitaji cheti. Mwaka 2025 Marekani ilikata fedha za miradi hiyo.

Kwa aliye mbali na anataka kuchangia, ajue kwamba Januari 2018 Rais Magufuli aliwapiga marufuku walimu kukusanya michango, na ile ya hiari ikaelekezwa kupitia uongozi wa halmashauri. Mwalimu mkuu anayekataa kutumiwa pesa kwenye simu yake hana maringo, anajilinda. Pesa ipitie akaunti ya shule, kamati na mtendaji wa kijiji wajue, stakabadhi itoke. Na kabla ya mabati, afadhali aulize kama mkutano wa kijiji umeshakaa kuhusu chakula. Aulize mapema, mavuno yakiwa bado ghalani, kwa sababu ikifika Januari gunia lilelile la mahindi huwa limeshapanda bei.